Majdal iko wapi? Mutu anasema ni kwabo lakini ku ramani sioni

mama_cherehani (Katuba)

Jambo yenu bote. Niko na kiulizo, pengine ni ya bujinga, mutanivumilia.

Jana usiku kuran (umeme) ilirudia kama saa tano, nikaamuka nimalizie iniforme ya mutoto wa jirani juu leo ni masomo (munajua vile tunaikalaka na iyi kuran, unashona saa yenye yenyewe inataka). Radio ilikuwa inasema mambo ya Gaza. Bakauliza muzee moja wa mu kampi ya Jabalia: papa, weye ni mutu wa wapi? Akajibu bila kuwaza, mi ni mutu wa Majdal. Kisha mbele kidogo akasema alizaliwa mu Gaza, alioa mu Gaza, bana bake bote ni ba Gaza. Ile Majdal hakuilala hata usiku moja! Na baba yake alikuwaka fundi wa kufuma nguo kule, njo hapo nikasimamisha masini nikasikiliza muzuri.

Asubui nikafungua ramani mu telefone. Majdal moja naona iko ku Golan, ingine iko Lebanoni, lakini pembeni ya Gaza hakuna, paka Ashkelon, muji mukubwa ya Israeli na magorofa yake ku bahari. Mutoto wangu mukubwa anasema mama ni iyo iyo, balibadirisha jina tu. Namuambia sawa, jina inabadirikaka, sasa batu bo balienda wapi? Hakujibu, akarudia ku mupira yake.

Donc nauliza benye banajua. Ile muji ilikuwa ya namna gani, batu bake balitoka ginsi gani, na juu ya nini muzee muzima anaita "kwetu" fasi yenye hakuikala.


mwana_wa_filtisaf

Mama, jambo sana. Mimi ni mzaliwa wa Kalemie, baba yangu alitumika Filtisaf, kiwanda cha nguo, nimekua nasikia mitambo ya nguo inalia usiku na mchana, kwa hiyo ukinitajia mji wa wafumaji popote pale nitasoma habari zake mpaka mwisho. Majdal niliijua kwa njia hiyo, siyo kwa siasa.

Jina lake refu ni Majdal Asqalan. Uko kwenye tambarare ya pwani, bahari iko kilomita chache upande wa magharibi. Zamani mji mkubwa ulikuwa Asqalan yenyewe, bandari, ambayo sultani Saladin aliibomoa mwaka 1191 ili Wazungu wa vita vya msalaba wasije kuikamata, halafu sultani mwingine, Baybars, akamalizia kazi mwaka 1270. Bandari ikafa, Majdal ndio ukakua. Msikiti wake mkubwa ulijengwa mwaka 1300 na amiri mmoja wa Misri, Salar. Yaani si kijiji cha juzi.

Sasa tuje kwenye nguo, maana najua ndicho kilichokuamsha. Waliofuma walikuwa wanaume, kwenye mitambo ya mbao. Mwaka 1909 inatajwa mitambo kama 500, kwa mji ambao hata watu 10,000 haukuwa nao. Na mtambo huo si kama ule wa Filtisaf wa kuwasha na umeme. Fundi amekaa, miguu iko kwenye pedali mbili. Akikanyaga moja, nusu ya nyuzi zinapanda na nusu zinashuka, katikati panafunguka njia, anarusha kile kijiti chenye uzi kutoka mkono huu kwenda mkono ule, anavuta ubao kuukandamiza uzi, anakanyaga pedali ya pili, anarusha tena. Metre moja ya nguo ni kurudia hivyo mara mamia. Baba alikuwa anasema mfumaji wa zamani utamjua kwa magoti, siyo kwa mikono.

Pamba waliitia nili mpaka inakaribia weusi, kisha pembeni wanapitisha mistari ya hariri. Na kila mchoro ulikuwa na jina lake, kama vile mama zetu wanavyovipa vikwembe majina. Kulikuwa na Janna wa nar, maana yake Pepo na Moto, kijani na nyekundu zinakaa sambamba. Kulikuwa na Abu mitayn, Baba wa Mia Mbili. Ingine wakaiita pumzi ya roho. Wanawake wa vijiji vya kule walikuja siku ya soko, Ijumaa, wananunua kipande, wanaenda nayo nyumbani kuitia nakshi ya sindano mpaka inakuwa kanzu yao ya sikukuu. Kwa hiyo mji unafuma na kijiji kinashona, mama utaelewa hiyo biashara kuliko mimi.

Mwaka 1945 Waingereza, ndio walikuwa watawala, walikadiria watu 9,910, karibu wote Waislamu na Wakristo kama 90. Reli ya kutoka Misri kwenda Haifa ilipita kwao. Na UN ilipogawa nchi ya Palestina kwenye karatasi, 29 Novemba 1947, Majdal uliwekwa upande wa Waarabu. Hilo wengi hawalijui, wanafikiri ulikuwa ndani ya mpaka wa Israeli tangu mwanzo.

Mei 1948 jeshi la Misri likaingia na kukaa pale. Oktoba Waisraeli wakaanza ile operesheni waliyoita Yoav, ndege zikapiga mji, Wamisri wakaona watakatiwa njia wakaanza kurudi nyuma kuelekea Gaza, raia wengi wakaondoka na wao. Tarehe 4 kuingia 5 Novemba Waisraeli wakaukamata. Ndani walikuta watu kama 1,000 tu.

Wengi wanaishiaga hapo wanasema habari imekwisha. Haijakwisha, lakini mimi bosi ananiangalia, mwingine aendelee.


likolo243

Bon mi sione shida iko wapi. Vita ilikuya, batu bakakimbia, jeshi yenye ilikuwa inabalinda ikakimbia pia. Ni vile inakuwaka fasi yote. Na siye tulikimbiaka. Mutu akimbie na miguu yake kisha aseme balimufukuza?


wa_mugunga (Goma)

@likolo243 ndugu, umesema nusu. Mi niko mutu wa Goma, mambo ya kukimbia sifundishwe na mutu. Tulikimbia volkano mu 2002, tukakimbia ingine mu 2021, ya masasi sitahesabu hapa tutalala. Mutu anakimbia, kisha kunapola, kitu ya kwanza anafanya anarudi kuangalia kama mabati yake ingali juu ya nyumba. Mama mukubwa wangu alikuwa kule Kanyaruchinya mu mahema, kila wiki anatafuta mutu wa kumuambia kama muti yake ya avoka bameikata ao bado. Njo kukimbia kwenye tunajua. Sasa bale ba Majdal beko Gaza, kutoka pale kufika kwabo ni kama Goma na Sake, na banakatazwa kurudi. Iyo unaiita jina gani?

Na bado sijafika ku 1950, fungua macho.

Bale 1,000 benye balibaki, Yigal Allon, komanda wa Israeli, alitoa amri batoshwe. Bakubwa ba jeshi ba pale pale habakuifanya. Basi batu bakaanza kurudi kimya kimya usiku, na bengine ba mu vijiji vya pembeni bakaletwa pale, bakafika zaidi ya 2,500, bengi ni bamama, bazee na batoto. Bakawekwa fasi moja, bakazungushiwa waya ya miiba, sheria ni ya jeshi. Ile fasi ikaitwa geto. Jina la geto, fasi yenye Banazi balifungiaka Bayahudi, kwa benye balitoka Bulaya miaka mitatu ine mbele yake, sha, nawachia weye uwaze.

Na vita ilikuwa imeisha! Misri na Israeli balisaini kusimamisha masasi tarehe 24 Februari 1949, kule Rhodes. Hesabu na vidole: kutoka pale mpaka Agosti 1950 ni mwaka moja na nusu. Njo tarehe 17 Agosti 1950 kamiyo za kwanza zikapakia batu kuwapeleka Gaza. Si jeshi inakimbia, si bombe, ni karatasi ya amri na kamiyo. Dayan njo alikuwa mukubwa wa jeshi ya kusini, alitaka batoke, Ben-Gurion, waziri mukuu wa Israeli, akakubali. Na si Bayahudi bote balikubali, tuseme kweli. Pinhas Lavon, mukubwa wa sendika yabo ya Histadrut, alikataa, yeye aliona ule muji unaweza kuwa mufano ya Barabu na Bayahudi kutumika na haki sawa. Akashindwa.

Na vile balifanya ili batu bakubali! Usiku askari banaingia mu manyumba, roho inaruka. Muchana banakuambia, ukikubali kwenda Gaza tutakubadirishia feza yako kwa bei muzuri. Kufika Oktoba ikabaki familia kama 20, na bengi mu izo bakaenda nyuma Lydda (muji ingine mu Israeli) ao Gaza. Misri ikashitaki, na mu 1951 ile komisyo ya Misri na Israeli, yenye UN ilisimamia, ikasema ba Majdal barudishwe kwabo. Hakuna mutu alirudishwa.

Manyumba nayo ilikuwa imeshaingiwa tangu 1949 na Bayahudi benye balitoka inje, na bengi mu bale walikuwa bakimbizi bo benyewe, habakuwa na fasi ingine. Mu 1950 ikatoka na sheria ya mali ya "benye habako". Yaani uko nyuma ya waya, unaona muji yako na macho, lakini ku kitabu banakuandika hauko.


likolo243

Ile ya 1950 sikuijuaka, natosha kofia. Ile ya 1948 nabakia na neno yangu, jeshi ya Misri iliwaponza.


wa_mugunga (Goma)

Jeshi ya Misri iliwaponza, tuko pamoja. Lakini haikubakatazia kurudi.


mama_cherehani (Katuba)

Eeh bantu ba Mungu, aksanti. Nimesoma nikiwa na nguo ya mutu ku masini, karibu nishone kidole.

Sasa jina inanisumbua bado. Hapa kwetu muji iliitwaka Elisabethville, mu 1966 ikawa Lubumbashi. Kamalondo bazee bengine bangali banaiita Albert, ukibauliza njia banakuambia pita Albert, mwana wa siku hizi anabakia anashangaa. Lakini batu ba Kamalondo balibakia mu manyumba yabo, ni kibao tu ya barabara ilibadirika. Kule inaonekana jina ilitoka na mwenye jina. Na Ashkelon yenyewe ni jina balivumbua? Juu mi naisoma mu Biblia, ya Bafilisti.


mwana_wa_filtisaf

Nimerudi, bosi ameenda kula.

Hapana mama, Ashkelon si la kuvumbua, ni jina lile lile la kale la ile bandari iliyobomolewa, Waarabu wanalitamka Asqalan. Lililotolewa ni Majdal, na halikutoka siku moja. Kwanza wakauita Migdal Gad, baadaye Migdal Ashkelon, mwisho Ashkelon peke yake. Kwa hiyo "Majdal" ilibaki imejificha ndani ya "Migdal" kwa miaka kadhaa (yote mawili maana yake mnara), kisha ikaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaa mpya ukajengwa upande wa bahari, unaitwa Afridar, kwa feza ya Wayahudi wa Afrika Kusini. Ile Afri ya mwanzo ni Afrika yetu hii. Na jengo la msikiti wa mwaka 1300 bado limesimama, wamelifanya makumbusho.


lukas_wa_likasi

Mimi kawaida nasomaka tu, siandikake. Ila kile kiulizo cha mwisho cha mama, juu ya nini muzee anaita kwetu fasi yenye hakuikala, hakuna mutu alikijibu, na mi naweza kukijibu kidogo.

Nilizaliwa Likasi. Baba alizaliwa Likasi pia, muzee wake njo alitoka Kasai juu ya kazi ya mukuba (shaba). Mu 1992 bakatuambia murudie kwenu. Kwetu wapi? Tukalala ku gare, siye na maelfu ya batu, tunangoja treni, mvua inatupiga, mama anapikia ku mafiga mbele ya ma wago, bana bakidogo banaumwa na bengine bakakufa pale pale. Nilikuwa na miaka saba. Treni ikatufikisha Mwene-Ditu, na kule mbele hata ya kutuuliza majina bakatuita "ba Katangais". Ciluba yetu balicheka, eti inanukia Kiswahili. Yaani Likasi mi ni mutu wa Kasai, Kasai mi ni mutu wa Katanga.

Sasa yule muzee wa Jabalia. Gaza mu 1948 ilikuwa na batu kama 80,000, mara moja bakaingia bakimbizi kama 200,000. Mpaka leo mu Gaza banatenganisha mwenyeji na laji, maana yake mukimbizi, hata kama umezaliwa pale na baba yako amezaliwa pale. Karatasi ya UNRWA, shirika ya UN ya bakimbizi ba Palestina, inakuandika mukimbizi, na kampi mingi batu balijipanga kufwata fasi balitoka, ba Majdal na ba Majdal. Kwa hiyo ukimuuliza uko mutu wa wapi, hana jibu ingine yenye batu watamukubalia. Hakuichagua na moyo tu, ni vile majirani nabo banamuitaka.

Siye tulirudi Likasi nyuma ya miaka, bengi tulirudi. Nyumba ilikuwa na mutu mwingine, tukapanga chumba barabara ya pili. Sijasema ni sawa na ya kule. Nasema tu ile jibu ya muzee haikunishangaza.


mama_cherehani (Katuba)

Yaya Lukas, pole sana. Jirani yangu mu Katuba yeye pia alipita ku ile gare, hasemaka hata kidogo, ni leo naelewa juu ya nini mvua ikianza usiku anaamuka anaingiza vitu.

Papa wa Kalemie, kitu moja ya mwisho. Kufuma kwenyewe kuliisha? Baba ya yule muzee aliacha kazi?


mwana_wa_filtisaf

Haikuisha mama, na hapo ndipo mimi nilipendea hii habari. Wale mafundi walipofika Gaza hawakuwa na shamba, hawakuwa na duka, walikuwa na magoti na mikono. Wakatengeneza mitambo ya mbao upya, wakaanza tena. Nguo ikauzwa Gaza, na jina lake likawa majdalawi, ya Majdal. Kwa hiyo unaweza kutafuta Majdal kwenye ramani usiione, halafu unaingia kwa muuza nguo unamwambia nipe majdalawi na anajua anakwenda kwenye kabati gani.

Kwa miaka mingi walifuma. Kilichowabana baadaye ni kile kile kilichobana wafumaji wetu: nguo rahisi ya kiwandani kutoka nje, uzi unapanda bei, mipaka inafungwa. Mafundi wakazeeka, mitambo ikapungua mpaka ikabaki ya kuhesabu. Na tangu Oktoba 2023 watu wa Jabalia wamehamishwa tena, na tena, na mtambo wa mbao huwezi kuubeba mgongoni.

Lakini mchoro haukufa. Wanawake wa Kipalestina bado wanaitafuta ile Pepo na Moto kwa kanzu zao, wengine wanaifanyisha kwa masini.


mama_cherehani (Katuba)

Basi nataka kujaribu. Siseme kufuma, sina mtambo, ila niko na kipande ya pamba nyeusi yadi tatu, ilibakia ku kazi ya matanga. Nitapitisha utepe ku pembeni zote mbili, kijani na nyekundu. Zinagusana ao naacha nafasi?


mwana_wa_filtisaf

Ziweke jirani jirani, wima, kutoka begani mpaka chini, katikati ibaki nyeusi tupu. Na usichague ile nyekundu ya bendera, tafuta yenye kuingia kwenye zambarau kidogo.


lukas_wa_likasi

Utepe wa hariri mama usinunue ku Soko ya Kenya, banakupimia na mukono mufupi. Nenda ku Soko ya Mzee, upande wa babwana benye kuuza vifungo na ma zipu. Kijani ilikuwako juzi, nyekundu utatafuta.